Ghorofa lisilo na pa kuweka msiba

Karibu kila ghorofa la makazi Dar es Salaam lina karatasi iliyobandikwa pembeni ya lifti au kwenye kibanda cha mlinzi. Maneno yake hayatofautiani sana: hairuhusiwi kupiga muziki kwa sauti baada ya saa nne usiku, hairuhusiwi kutwanga ndani ya nyumba, hairuhusiwi mikusanyiko kwenye korido na ngazi, hairuhusiwi kuanika nguo upande wa barabarani. La nguo tuliache. Hayo matatu ya mwanzo ndiyo yanayogombanisha watu, na wanaokumbwa nayo mara nyingi si walevi wala wahuni. Ni mama anayetwanga kisamvu, jumuiya inayosali sebuleni, na familia iliyofiwa.

Jambo hili tumezoea kulizungumza kama mvutano wa kamba: huku uhuru wa kuabudu, kule haki ya kulala, kila mtu ashike upande wake. Naona limewekwa vibaya tangu mwanzo. Kanuni zetu za kelele zimebebeshwa kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mchora ramani. Kwa kuwa haziiwezi, zinaishia kuikataza shughuli nzima, wakati kinachomkosesha jirani usingizi mara nyingi ni kifaa kimoja tu kilichomo ndani ya shughuli hiyo.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, ilikuwa imeyamaliza mengi ya haya bila kanuni yoyote ya maandishi. Mbele baraza, nyuma uani. Kinu kilikaa uani juu ya udongo, na udongo haupeleki mshindo kwa jirani. Msiba ukitokea, wanawake walijaa ndani na uani, wanaume wakakaa barazani na chini ya turubai lililofungwa hadi katikati ya mtaa. Maulidi yakisomwa, mikeka ilitandikwa nje. Sauti ilikuwepo tele, pengine kuliko ya leo, ila ilikuwa na pa kupanda ikapotea hewani. Halafu aliyeisikia alikuwa mwalikwa. Ni vigumu kulalamikia kelele za shughuli ambayo sahani yako ya pilau iko njiani.

Sasa itazame Magomeni Kota. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua pale maghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za chini zilizobomolewa. Watu ni walewale, eneo ni lilelile, na misiba, hitima, ubarikio na ndoa vimehama nao. Kilichobadilika ni kwamba sakafu ya huyu ndiyo dari ya yule. Mombasa nako, mtaa wa zamani wa Buxton umevunjwa kupisha maghorofa. Upanga na Kariakoo wameishi hivi kwa miaka mingi, Waislamu wa madhehebu mbalimbali, Wahindu na Wakristo kutoka bara wakipishana ngazi moja, na wamejijengea ustahimilivu wa aina yake. Hao wapya bado wanajifunza.

Kuna elimu kidogo ya sauti ambayo kamati za majengo hazina, na bila hiyo hukumu zao zinakwenda kombo. Sauti ghorofani husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa: mtu anaimba, sauti inatoka dirishani kwake na kuingia dirishani kwako. Ya pili ni jengo lenyewe. Mchi ukigonga kinu kilichowekwa juu ya zege, mshindo unaingia sakafuni, unashuka kwenye nguzo na kuibuka vyumbani kwa watu ambao hata hawapakani na mtwangaji. Ndiyo maana mtu wa ghorofa ya pili anaweza kuapa kwamba anayetwanga ni wa juu yake, kumbe ni wa pembeni, ghorofa mbili zaidi. Nimeona watu wakinuniana miezi kwa kesi ya kusingiziana namna hiyo. Dawa yake ni rahisi kuliko marufuku: kipande cha godoro kuukuu au mpira wa tairi chini ya kinu, na mshindo mwingi unafia hapohapo. Viti vya chuma navyo vivalishwe soksi za mpira miguuni. Wakati wa daku, saa kumi usiku, kinachoamsha watu mara nyingi si maongezi ya waliofunga bali viti vinavyoburutwa na sufuria zinazobwagwa kwenye sinki.

Kuhusu njia ya hewa, tatizo letu ni hali ya hewa yenyewe. Kanuni nyingi za fleti tulizonazo zina harufu ya nchi za baridi, ambako dirisha la vioo viwili hufungwa usiku kucha. Dar es Salaam mwezi wa Januari umeme ukikatika, nani atafunga dirisha? Kati ya sebule ya jirani na kitanda chako kuna nondo na wavu wa mbu tu, basi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 1999, lilipendekeza kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Maongezi ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana ni kama desibeli 60, na kila desibeli 10 zinazoongezeka maana yake ni nishati ya sauti kuzidi mara kumi.

Kenya iliweka viwango vyake waziwazi katika kanuni za kelele za 2009. Maeneo ya makazi, nje ya nyumba, ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Nyumba za ibada ni 40 mchana na 35 usiku. Na usiku wa kanuni hizo unaanza mapema: saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Fuata herufi ya kanuni uone inakupeleka wapi. Adhana ya alfajiri iko ndani ya usiku huo. Mkesha wa kufunga mwaka umo. Tarawehe zinaingia humo karibu mwezi mzima wa Ramadhani. Hata baba anayemgombeza mtoto kwa homuwaki ambayo haikufanywa, saa mbili na nusu, amevunja sheria, naye ameivunja kwa kishindo.

Kiwango ambacho hakuna anayeweza kukitimiza hakiwezi kusimamiwa kwa wote, kwa hiyo kinasimamiwa kwa kuchagua. Anayeripotiwa si lazima awe mwenye kelele kubwa kuliko wengine; mara nyingi ni mwenye kelele ngeni. Kwenye jengo ambalo wengi ni Wakristo, kisomo cha Alhamisi usiku kitaletewa mlinzi kabla ya kwaya. Kwenye jengo la Waislamu wengi, maombi ya kukemea mapepo hayafiki saa tatu bila ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, huko juu kuna usalama?" Na fataki za Diwali wale wasiozijua huzipigia simu polisi wakidhani ni risasi. Sikio humezea sauti lililokulia nayo.

Lakini kanuni hizohizo za Kenya zina kifungu ambacho kingeweza kutuokoa, na sioni kikitajwa. Katika kuamua kama kelele imepita kiasi, mkaguzi anaambiwa atazame, pamoja na saa na umbali, kama sauti imekuzwa kwa chombo cha umeme au mashine, na kama anayeitoa angeweza kuidhibiti bila taabu wala gharama kubwa. Hapo ndipo penyewe. Weka pembeni swali la kama ni ibada au ni starehe, uliza: kuna spika?

Chukua jumuiya ndogo ndogo za Kanisa Katoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya mhimili wa maisha ya parokia tangu miaka ya 1970. Zinasali majumbani kwa zamu. Jumamosi asubuhi, mara nyingi kabla watu hawajaanza mihangaiko ya siku, waumini kumi na watano wanabanana sebuleni, wanaimba, wanasoma neno, wanatoa sadaka, wanatawanyika. Kwa hesabu ya fizikia, watu kumi na watano wakiimba kwa nguvu ileile wanamzidi mwimbaji mmoja kwa desibeli kama 12 tu. Kipo kiwango ambacho koo la binadamu haliwezi kukipita, na pumzi huisha. Ile sabufa ya kununua Kariakoo na maikrofoni yake haichoki wala haikohoi, na besi yake inapenya ukuta wa tofali kana kwamba haupo. Shughuli zote mbili zinaitwa sala. Kwa jirani aliyerudi zamu ya usiku hospitalini, ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Msimamo wangu, basi: koo liachwe huru kwa kiasi kikubwa, spika ibanwe bila huruma. Iwe ya kwaya, ya kaswida, ya singeli au ya taarabu ya kumpasha jirani. Na asije mtu akaniambia kwamba kuibana spika ni kuipiga vita dini. Mei 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama (wito mfupi wa kuanza swala) tu, na sauti yake isizidi theluthi moja ya uwezo wa chombo. Kama nchi yenye Makka na Madina imeweza kutenganisha swala na kipaza sauti, kamati ya jengo la ghorofa sita Ilala haina cha kuogopa. Njia nyingine tumeiona Rwanda, ambako mwaka 2018 mamia ya makanisa ya Kigali yalifungwa kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele vikiwa vimefungwa furushi moja. Ukifunga nyumba nzima hutajua kamwe kama kuzima chombo kimoja kungetosha.

Katiba ya Tanzania haikuacha pengo hapa. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani na ibada. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Ibara ya 30 inasema haki za mtu mmoja zisitumike kwa namna ya kukatiza haki za wengine au maslahi ya umma. Wanaopenda kunukuu ile ya 19 kwenye vikao vya jengo huwa wamechoka kusoma wanapofika ya 30, na wanaonukuu ya 30 nao hawakupita 19. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ila NEMC ina baa na kumbi za kuhangaika nazo. Haitakuja kupima sebule yako, na sidhani kama tungependa ije.

Sasa msiba, ambao kwangu ndio kipimo halisi, maana mambo mengine yote yana kalenda. Ramadhani inajulikana, mkesha unatangazwa, ndoa ina kamati na michango miezi sita kabla. Hata mbuzi wa Idd el-Hajj anayefungwa kwenye maegesho na kulia usiku kucha (hakuna kanuni niliyowahi kuiona inayomtaja) kila mtu anajua asubuhi hatakuwepo. Kifo hakina taarifa ya siku saba kwa uongozi.

Mnaoishi ghorofani mnajua inavyokwenda. Simu inaingia saa nane usiku, kilio kinapasuka ghorofa ya nne, na kilio cha kwanza hakiwezi kuwekewa saa. Kufikia alfajiri viatu vimejaa korido nzima. Wanawake wamekaa kwenye mikeka sebuleni hadi vyumbani, wengine wamemwagikia kwenye ngazi. Wanaume wako chini kwenye maegesho, wamesimama, kwa sababu viti vimezuiwa na mlinzi mpaka msimamizi wa jengo apokee simu. Turubai haliwezi kufungwa kwa kuwa kuna magari, na wenye magari wamelala. Masufuria ya msiba yanahitaji kuni na mahali. Jiko la fleti lina plati nne na dirisha dogo. Maiti ikitakiwa kuletwa nyumbani kuagwa, jeneza haliingii kwenye lifti, na kwenye kona za ngazi wanaume sita wanalisimamisha wima huku wenye uchungu wakitazama pembeni.

Matokeo yake kila mtu anayafahamu: msiba unahamishwa. "Msiba upo Mbagala kwa kaka wa marehemu." Marehemu aliishi Upanga miaka ishirini, amefia Upanga, majirani zake wako Upanga, lakini anaombolezwa Mbagala kwa kuwa huko kuna uwanja. Wale waliopishana naye kwenye ngazi kila asubuhi wanasoma tangazo la msiba kwenye simu kama watu baki, wanatuma rambirambi kwa mtandao, yamekwisha. Waislamu wengi siku hizi huoshea na kuswalia maiti msikitini, jambo linalopunguza mzigo, lakini watu wa kutoa pole lazima wakae mahali. Anayeona kwamba kanuni ya "hakuna mikusanyiko" imeleta utulivu anahesabu desibeli tu. Kuna kilichotolewa kuulipia.

Singapore, ambako karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye maghorofa ya serikali, walilitazama jambo hili kwa jicho la mjenzi. Kuanzia miaka ya 1970 maghorofa mengi yalijengwa na sehemu ya chini kabisa ikiachwa wazi, nguzo na sakafu tu, bila nyumba. Hapo Wamalay hufanya harusi mwisho wa wiki, Wachina huweka maombolezo yao ya siku tatu, tano au saba, na siku za kawaida wazee hukaa kupunga upepo. Anayetaka kupatumia huomba kibali kwenye halmashauri ya mji wake, hulipia, hupewa masharti ya saa na usafi. Katika miaka hiyohiyo spika za misikiti ziligeuzwa zielekee ndani, na adhana ikawa inarushwa redioni. Sisemi Singapore ni pepo. Ni serikali yenye mkono mzito kuliko ambavyo sisi tungestahimili, na hata huko watu hulalamikia zumari za msiba. Ila waliona mapema kwamba watu wakipandishwa juu, mila zao nazo lazima zipewe sakafu yake.

Kwetu ile sakafu ya chini ni fremu za maduka au maegesho, kwa sababu fremu inaingiza kodi na msiba hauingizi kitu. Mwekezaji simlaumu sana, anahesabu fedha zake. Ninaowalaumu ni wanaopitisha ramani. Halmashauri inadai idadi ya maegesho kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, inadai ngazi za dharura, inadai mashimo ya majitaka. Kudai pia ukumbi wa wazi wa kutosha watu mia kwa kila jengo lenye kaya zaidi ya kadhaa hakuhitaji utafiti wa miaka mitano. Jengo la maghorofa kumi lililomgharimu mwenyewe mabilioni halifilisiki kwa sakafu moja, hasa kama ukumbi huo unakodishwa kwa ubarikio na kicheni pati siku ambazo hakuna aliyefiwa.

Kwa majengo yaliyokwisha simama kazi inabaki kwa kamati, na hapo kuna kasoro nyingine ya kimuundo. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wamiliki chama chao na uwezo wa kutunga kanuni. Wamiliki. Wakazi walio wengi ni wapangaji, na mwenye fleti yumkini anaishi Mbezi au Muscat, hajawahi kuisikia sabufa ya ghorofa ya tatu wala hatafiwa akiwa humo. Anayetunga hakai, anayekaa hatungi. Kamati yenye akili ingewaita wapangaji kwenye kikao cha kanuni hata kama sheria haiwapi kura, kwa sababu ndio watakaozitii au kuzipuuza.

Na kanuni zenyewe zifumuliwe. Kipaza sauti cha aina yoyote kisiwashwe ndani ya fleti baada ya saa tatu usiku wala kabla ya saa moja asubuhi, bila kuuliza kinasema nini. Kutwanga kuruhusiwe mchana, kinu kikiwa juu ya mpira. Ramadhani, Pasaka, Diwali, Krismasi na mkesha wa mwaka mpya viandikwe kwenye karatasi ileile ya lifti mwanzoni mwa mwaka, ili mwenye mtoto mchanga au mwanafunzi wa kidato cha nne ajue usiku upi aende kulala kwa shangazi. Anayekaribisha jumuiya au kisomo awaarifu wa juu, wa chini na wa pembeni siku moja kabla. Ni kugonga milango michache tu, na wengi wakiarifiwa kwa adabu huishia kusema "karibuni" badala ya kupiga simu kwa mlinzi.

Kwa msiba, maegesho yafunguliwe kwa siku tatu. Iandikwe kabisa, ili asibakie msimamizi wa kubembelezwa saa nane usiku: namba ipi ya simu ipigwe, magari yahamie wapi, viti na turubai vya jengo vinawekwa chumba gani na ufunguo anao nani. Kilio cha usiku wa kwanza kisiwekewe masharti. Kuanzia usiku wa pili watu wa kulala msibani wakae ndani, na waliobaki chini wazungumze kwa sauti ya chini baada ya saa nne. Kuni zisiwashwe chini ya madirisha ya watu, chakula kiletwe kimepikwa; zipo familia nyingi zenye jamaa Mbagala watakaopika kwa furaha. Na gharama ya kusafisha itoke kwenye mfuko wa huduma ambao kila mkazi huuchangia kila mwezi, kama inavyotoka ya taa za ngazini na pampu ya maji.